Damu Haipungui kwa Sababu Moja

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya watoto 24,000 wa Pemba, wote chini ya miaka mitatu, waliingizwa katika utafiti mkubwa. Wengine walipewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki, wengine kidonge kisicho na dawa. Nia ilikuwa njema, maana safura imewasumbua Wapemba miaka mingi. Agosti 2003 chuma kikasimamishwa. Waliopewa walikuwa katika hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufa au kulazwa kwa maradhi makali. Malaria ilikuwa imetanda kisiwani, na chuma kiligawiwa bila kumtazama mtoto mmoja mmoja. Katika kundi dogo lililopimwa damu kwanza, wenye upungufu wa chuma walinufaika.

Kosa hilo la kutoa chuma bila kumchunguza mtoto mwenyewe bado linafanyika majumbani. Mchukue mama wa Mkoani ambaye bintiye anachoka akipanda ngazi za skuli. Anampeleka kupimwa, na cheti kinaonyesha wekundu wa damu 8. Jirani anamwambia, "Dada'angu, hiyo ni damu tu, mnunulie dawa ya kuongeza." Chupa zinakwisha, mtoto yuko vile vile. Kwenye cheti kile kile palikuwa na mstari ambao hakuna aliyeuuliza: RDW, asilimia 19, pembeni herufi H, yaani imezidi.

Mstari huo hueleza chembe nyekundu zinavyotofautiana kwa ukubwa. Kwa kawaida huwa kati ya asilimia 11.5 na 14.5 hivi. Chembe moja huishi siku 120 hivi. Chuma kikipungua, mpya hutoka ndogo ilhali za zamani bado ni kubwa, na tofauti hupanda. Aliyerithi thalasemia nyepesi chembe zake ni ndogo, lakini mara nyingi zinalingana, na tofauti haipandi. Selimundu pia huipandisha. Linalonitia hofu zaidi ni upungufu wa chuma na foliki kwa pamoja: ndogo na kubwa huchanganyika, wastani wa ukubwa, yaani MCV, unasomeka kuwa sawa, na RDW peke yake ndiyo inayopiga kelele.

Hata hivyo, RDW haitaji jina la ugonjwa. Inamtaka daktari aangalie damu kwa hadubini, apime choo kutafuta minyoo ya safura, aulize kuhusu hedhi, chakula na ukoo. Kwa binti yule, kama minyoo inamnyonya damu utumboni, chupa ya chuma bila dawa ya minyoo ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Mzazi asishtuke pia kipimo cha pili kikionyesha RDW imepanda zaidi wiki chache baada ya kuanza tiba sahihi. Chembe changa, zenye ukubwa mzuri, zimeanza kuingia kwenye damu. Na haya yote yasimfanye mtu aache dawa: mjamzito aliyepewa chuma na foliki kliniki aendelee kumeza, akiwa na suali amuulize mkunga wake.