Nani Amwambie Fundi Azime Taa?

Mchana, katika mitaa ya soko la Mbinga, mkoani Ruvuma, cherehani nyingi zimepangwa barazani. Wapita njia hudhani fundi ametoka nje kutafuta wateja, na kweli anawapata, lakini kilichomtoa ndani ni mwanga. Katika chumba chenye dirisha moja, suruali nyeusi ikishonwa kwa uzi mweusi, mshono hauonekani hata saa nane mchana. Basi kwa miaka mingi jua ndilo lililopanga kazi. Huku kusini mwa Tanzania linazama takribani kati ya saa 12 na nusu na saa moja jioni, iwe Juni au Desemba. Likizama, fundi alifunika cherehani, akakunja vitambaa, akaenda nyumbani kula na watoto.

Siku hizi anaiingiza cherehani ndani na kuwasha taa.

Taa ya darini peke yake haimfai sana. Fundi ameinama, kichwa chake kinatupa kivuli mezani, na mkono wa cherehani unaongeza kivuli kingine palepale sindano inapochoma. Ndiyo maana wengi hufunga taa ndogo ya LED, yenye sumaku au shingo ya kupinda, upande wa kushoto wa sindano na chini, karibu na kitambaa. Ikikaa hapo, mwanga unakipiga kitambaa ubavuni, kila uzi unaonyesha kivuli chake, na mshono ulioruka unagundulika kabla kola haijageuzwa. Balbu za zamani za wati 15 zilizofungwa kwenye cherehani za umeme zilimchoma fundi vidole na kumpa joto la uso. LED ya wati moja au mbili haichomi, tena hata sola ndogo ya kijijini inaiwasha usiku kucha. Viwango vya Ulaya vya mwanga wa kazini vinataka lux 750 kwa kazi ya kushona, na jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takribani theluthi moja tu ya mwanga unaolifikia jicho la kijana wa miaka 20. Kwa fundi mzee, basi, taa hiyo ni rehema, na asitokee mtu wa kumnyang'anya.

Ila imekuja na swali ambalo zamani giza lilimjibia: kazi ya leo inaisha saa ngapi? Swali hilo ni la dini kabla halijawa la umeme, na dini zimelishughulikia muda mrefu. Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa kama mwaka 200, inamtaja fundi nguo waziwazi: Sabato ikikaribia kuingia, giza likinyemelea, asitoke na sindano yake, asije akasahau akawa ameibeba siku ya kupumzika. Papo hapo inakataza kusoma kwa mwanga wa taa usiku wa Sabato. Wafafanuzi wake walieleza kwa nini: msomaji asije akaiinamisha taa ili mafuta yaufikie utambi. Walimjua vizuri mtu anayetaka kuona zaidi kidogo tu, na mkono wake unavyokwenda wenyewe. Nayo Kurani, katika sura ya An-Nabaa, inausema usiku kuwa vazi, na mchana kuwa wakati wa kutafuta riziki. Fundi wa kushona mavazi ana sababu ya kuitafakari aya hiyo kuliko wengi: vazi hili moja hakulishona yeye, na kila anapoongeza saa za taa anajivua.

Hapa Ruvuma mafundisho ya namna hiyo yana nyumba yake. Wamonaki Wabenediktini waliingia Peramiho mwaka 1898, na kanuni wanayoifuata iliandikwa na Benedikto wa Nursia katika karne ya 6. Sura yake ya 41 inaagiza saa za chakula zipangwe ili hata mlo wa jioni uliwe kungali na nuru ya mchana, bila kuhitaji taa. Ni kanuni ya watu wanaoheshimu sana kazi ya mikono, na watu haohao ndio walioiwekea mpaka. Sasa, masista Wabenediktini wa Chipole, wanaoishi kwa kanuni hiyohiyo, ndio waliojenga kituo cha umeme wa maji cha Tulila katika mto Ruvuma. Mwaka 2015 kituo hicho cha megawati 5 kilianza kuliuzia umeme shirika la TANESCO, wakati mji wa Songea ukitegemea jenereta za dizeli. Mwaka 2018 njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ikaufikisha umeme wa gridi ya taifa mkoani. Masista hawakuihalifu kanuni yao. Hospitali inahitaji taa usiku, shule pia. Lakini mtambo unatoa umeme bila kutoa kanuni, na aliyeunganishiwa waya hakupewa sura ya 41 pamoja na mita.

Kuna watakaopinga kwa Maandiko. Mwanamke hodari wa Mithali 31, anayesifiwa katika misa za ndoa na katika maziko ya akina mama, taa yake haizimiki usiku, naye hutengeneza nguo na kuziuza. Ni kweli, ila taa ni yake na nyumba ni yake. Hakuna mteja aliyesimama mlangoni akimuuliza kama gauni liko tayari.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka Ziwa Nyasa. Watu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi wanaishi kwa kazi ya usiku. Usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo, huvuliwa gizani, wakivutwa na mwanga. Zamani ilikuwa karabai, sasa ni LED. Hakuna anayewahesabia wavuvi hawa kosa, na Simoni Petro mwenyewe aliwahi kukesha ziwani usiku kucha bila kupata kitu. Lakini mbalamwezi ikiwa kubwa, taa ya mvuvi inapoteza nguvu, usipa hawakusanyiki, mitumbwi inabaki ufukweni na nyavu zinashonwa. Kila mwezi anga linampa mvuvi mapumziko ambayo hakuyaomba. Fundi cherehani hana mbalamwezi ya kumsimamisha. Inamlazimu ajisimamishe mwenyewe, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa anayeamua kuzima taa ndiye pia anayedaiwa kodi ya fremu.

London iliwahi kuonyesha mambo yanavyofika pabaya. Juni 1863, Mary Anne Walkley, msichana wa miaka 20, alikufa baada ya kushona saa 26 na nusu mfululizo pamoja na wenzake 60. Nguo zilikuwa za mabibi wakubwa waliokuwa na dansi ya kumkaribisha binti mfalme mpya. Sherehe ilikuwa na tarehe, na tarehe hiyo ililipwa na aliyeshika sindano.

Mbinga hakuna dansi ya kifalme, lakini tarehe zipo. Fedha za kahawa zikiingia, harusi zinafuatana. Desemba ni sare za shule na nguo za Krismasi. Mteja analeta kitambaa Alhamisi, anakitaka Jumamosi, na fundi anayekataa anajua baraza la jirani litakubali. Kumhubiria yeye peke yake habari za pumziko ni kumwonea, kwa sababu saa zake za usiku zimepangwa na watu wanaolala. Makanisa yana sehemu kubwa hapa, maana sare za kwaya na nguo za Komunyo ya kwanza ni oda zao. Krismasi ina tarehe yake, na ya Pasaka hujulikana miaka mingi kabla. Kamati ya kwaya inaweza kupeleka vitambaa miezi miwili mapema, pamoja na nusu ya malipo.