Mlinzi wa Upande wa Kushoto



Somo letu la mwezi huu latoka Hesabu 27, kuanzia mstari wa 12 mpaka mwisho wa sura, na pamoja nalo twaomba msome 2 Timotheo 2:2. Lakini kabla ya kulifungua tutazungumza kwanza habari za mpira wa magongo, na wale wasiopenda michezo watuvumilie kidogo.

Sisi wa umri mkubwa twalikumbuka jina la Avtar Singh Sohal, ambaye watu walizoea kumwita Tari. Alizaliwa Nairobi mwaka 1938. Akaichezea Kenya tangu 1957 hata 1972, michezo 167 ya kimataifa, na kwa miaka mingi hesabu hiyo iliandikwa kuwa kubwa kuliko zote duniani katika mchezo huo. (Leo wako waliopita 400, maana siku hizi timu husafiri kwa ndege kila mwezi.) Alikwenda Olimpiki mara nne: Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico 1968 na Munich 1972. Roma walikwenda chini ya bendera ya wakoloni. Tokyo walikwenda chini ya bendera yetu wenyewe, nayo haijatimiza mwaka, na Tari ndiye aliyekuwa nahodha. Wakarudi na nafasi ya 6.

Twajua kuna atakayeuliza: huyu ni Kalasinga, dini yake si yetu, anatafuta nini katika jarida la kanisa? Tunamjibu kwa upole kwamba Bwana wetu alipotaka kuwafundisha watu upendo wa jirani alimtaja Msamaria, na alipotaka kuwaonyesha imani alimsifu akida wa Kirumi. Si vigumu kwetu kujifunza kwa mtu aliyezaliwa mji mmoja na sisi.

Kazi yake uwanjani ilikuwa beki wa kushoto, na hapa twaomba tukae kidogo. Gongo la mchezo huu lina uso mmoja tu ulio bapa, na sheria hairuhusu kuupiga mpira kwa upande wa mgongo. Tena magongo yote hutengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia; gongo la shoto halikubaliwi. Sasa mshambuliaji wa adui anayepita pembeni humjia beki wa kushoto kwa ule upande wake dhaifu, naye hana budi kuligeuza gongo, ncha ikaelekea chini, auzuie mpira kwa sehemu ndogo kama kiganja cha mtoto. Mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe. Beki akizuia mara ishirini, hakuna anayehesabu. Akikosa mara moja, uwanja mzima unajua jina lake. Wafungaji wa magoli hubebwa mabegani. Beki hurudi nyumbani na michubuko ya miguu.

Na hata nchi ilivyo, mwaka wa 1968 tuliwashangilia Keino, Temu na Biwott kwa dhahabu zao za mbio, na ilikuwa haki. Wale wa magongo walishika nafasi ya 8, wakashuka kwenye ndege kimya kimya. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza, kule Barcelona, Kenya ilifika nusu fainali. Ikafungwa na Hispania goli 1 kwa 0, kisha ikafungwa na India 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza, ikawa ya nne duniani. Ya nne duniani, ndugu zetu! Ni wangapi kati yetu walioliambia jambo hili watoto wao?

Sasa tazameni yaliyofuata. Munich, mwaka mmoja tu baadaye, Kenya ilikuwa ya 13. Katika Kombe la Dunia la 1973 huko Uholanzi zilikuwako timu 12, na Kenya ikawa ya 12. Lilitokea nini? Watu hawakusahau kucheza kwa usiku mmoja. Ufundi ule ulikaa katika nyumba chache: Wasikhi na klabu yao, Wagoa na klabu zao. Baba alimfundisha mwana, kaka alimfundisha mdogo wake, na ukuta wa klabu ulikuwa mrefu. Sisi wengine tulipita nje tukisikia tu mlio wa gongo na mpira. Ilipofika mwaka 1968 na baada yake, wengi wa jamaa hizo walifunga mizigo wakaenda Uingereza na Kanada, wengine kwa hofu, wengine kwa maneno waliyoambiwa njiani na majirani zao, nasi hatusemi kwamba hatukuwamo. Uganda ilikuwa mbaya zaidi. Timu yao ilicheza Munich mwezi ule ule wa Agosti 1972 ambao Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka. Timu ya Uganda haijaonekana tena katika mpira wa magongo wa Olimpiki tangu siku hiyo.

Kila mzigo uliofungwa ulikwenda na kitu ambacho hakikuandikwa popote. Namna ya kugeuza gongo haisomwi kitabuni. Hufundishwa na mtu aliyesimama karibu nawe, akikushika kifundo cha mkono.

Tari alibaki. Angeweza kwenda, kama wenzake wengi walivyokwenda, na hakuna ambaye angemlaumu. Alipoacha kucheza akawa mkufunzi wa timu ya taifa, na kazi ya mkufunzi ni ya kushoto kuliko hata ile ya beki. Vijana wakishinda, wameshinda wao. Wakishindwa, kosa ni lake. Tena nyakati zilikuwa ngumu. Montreal 1976 Kenya haikwenda, kwa kuipinga New Zealand iliyocheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi. Moscow 1980 pia haikwenda. Mnaweza kuwafikiria wachezaji wa miaka hiyo, wamekimbia alfajiri miaka minane, mlango ukafungwa mara mbili. Na katika Montreal mchezo ulikuwa umehamia kwenye zulia la plastiki, ambako mpira hukimbia upesi mno kwa watu waliojifunzia majani. Hata hivyo vijana Waafrika kutoka shuleni walikuwa wameanza kuingia timuni kwa wingi, na Los Angeles 1984 Kenya ikawa ya 9. Mwaka 1987 ikatwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika hapa hapa Nairobi, ikaenda Seoul 1988. Hatusemi yote hayo ni kazi ya mtu mmoja. Twasema kwamba mahali fulani, mtu mwenye michezo 167 alikubali kusimama kando ya mstari na kumshika mtoto wa watu kifundo cha mkono.

Haya, turudi kwa Musa. Bwana anamwambia apande mlimani aitazame nchi, kisha afe, maana hataiingia. Sisi tungetazamia Musa ajililie. Miaka 40 jangwani, na sasa mlango umefungwa mbele ya macho yake! Lakini neno la kwanza linalotoka kinywani mwake si juu yake mwenyewe. Anamwomba Bwana aweke mtu juu ya kusanyiko, wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Ndipo Bwana anamwamuru amtwae Yoshua, amsimamishe mbele ya Eleazari kuhani na mbele ya watu wote, aweke mkono juu yake, na, msome kwa makini mstari wa 20, aweke juu yake sehemu ya heshima yake.

Angalieni wakati wenyewe: Musa yu hai. Anaona watu wakigeuza macho kumtazama mwingine, na mkono unaowageuza ni wake. Twadhani hapo ndipo penye uchungu, wala sio mlimani. Kumpa mtu kazi ni rahisi, kila mtu hufurahi kupunguziwa kazi. Kumpa heshima ndiko kunakotushinda.

Nasi tuseme ukweli wa mtaa wetu, kwa kuwa jarida hili husomwa na wenyewe. Darasa la kipaimara limekuwa na mwalimu mmoja kwa miaka mingi, mzee wetu mpendwa, na hatumtaji kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi. Mwaka huu aliugua. Jumapili mbili watoto walikaa chini ya mwembe wakichora ardhini kwa vijiti, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua walifika wapi katika Katekisimo. Halmashauri ilipokaa ikaulizana: kwa nini hakuwa na msaidizi? Wengine walisema vijana hawataki. Kijana mmoja aliyekuwako akasimama, akasema kwa adabu kwamba aliomba mara mbili miaka mitatu iliyopita, akaambiwa asubiri akue. Sasa ana watoto wawili.

Tulinyamaza. Hakuwa mzee yule peke yake aliyemwambia asubiri, tulikuwa sisi. Tuliogopa atakosea mbele ya Askofu. Na labda, tukijichunguza zaidi, tuliogopa hatakosea.

Paulo anapomwandikia Timotheo anahesabu vizazi vinne katika mstari mmoja: yeye Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao. Imani yetu imefika hapa kwa mikono ya namna hiyo. Ikikaa katika nyumba tatu nne za wale waliobatizwa zamani, na ukuta wa klabu ukiwa mrefu, basi siku nyumba hizo zikihamia mjini au makaburini tutajua maana ya kushuka kutoka nafasi ya nne hadi ya mwisho kwa miaka miwili.

Mzee wetu amepata nafuu, ashukuriwe Mungu. Alipoletewa habari za kikao hakukasirika. Aliomba aletewe daftari lake la mahudhurio, akaandika jina la yule kijana chini ya lake kwa wino, kisha akasema anataka jambo lifanyike mbele ya watu, wala si ofisini. Basi Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, katika ibada ya pili, baada ya Imani ya Nikea, mzee atamleta kijana mbele na Kasisi atawaombea wote wawili. Darasa litaanza saa nane mchana siku hiyo hiyo. Kijana atafundisha, na mzee ameomba awekewe kiti nyuma, karibu na dirisha, kwa ajili ya kifua chake.