Fundi wa chuma, tawakali na mali ya jirani

  

Ndugu Muislamu, wewe unayechomelea milango, madirisha na matela hapa Butembo au kule Beni, pengine umepata kuulizwa kama karakana yako ina bima. Wengi wetu hujibu: "Sisi tunamtegemea Mungu." Ni jibu jema, lakini tulitazame, maana huenda tunalitumia mahali pasipo pake.

Chukua mfano huu. Mteja analeta pipa la petroli linalovuja, anataka ulizibe. Kwa macho ni tupu, ila mvuke wa petroli umebaki ndani. Unawasha moto, pipa linalipuka. Wewe umenusurika. Kijana unayemfundisha kazi amepoteza jicho, na duka la mbao la jirani limeteketea. Sasa useme nini? Kwa jenereta yako na kerezo lako unaweza kusema: ni kadari ya Mungu, nimeridhika. Hayo ni mali yako. Lakini huwezi kuridhika kwa niaba ya jirani. Yeye hakukupa wakala wa kutawakali juu ya mbao zake.

Imesimuliwa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliwatoza mafundi thamani ya vitu vya watu vilivyoharibika mikononi mwao, kwa kuona kwamba bila hivyo mambo ya watu hayatengemai. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu fundi ambaye hakuzembea. Mzembe hana wa kumtetea, na kulitia moto pipa la petroli bila kuliosha na kulijaza maji ni uzembe. (Wala kuvuka Kasindi usiku kwenda Uganda hakufuti deni, ndugu yangu.) Mtume wetu (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi kumfunga ngamia katika karakana ni kuweka chupa ya oksijeni mbali na mafuta na grisi, ni kumpa kijana miwani, na ni kujua mapema fedha ya kumlipa uliyemdhuru itatoka wapi.

Hapo ndipo linapokuja swali la bima. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah likaamua kwamba bima ya kibiashara ni haramu, kwa sababu mkataba wake una gharari kubwa: unalipa, hujui utapata nini wala lini. Likaruhusu bima ya kusaidiana. Sheikh Mustafa al-Zarqa, mwanachuoni mkubwa wa Syria, alikuwa na rai nyingine, akaihalalisha ya kibiashara. Sisi tunafuata wengi, ila tusimtukane ndugu aliyefuata rai hiyo. Na lile ambalo serikali inalilazimisha, kama bima ya gari, mtu hulilipa kwa kulazimika.

Nchini mwetu, SONAS ilikuwa peke yake katika kazi hii tangu miaka ya 1960. Sheria ya Machi 2015 ilifungua mlango, na mwaka 2019 makampuni binafsi yakapewa vibali. Kwa hiyo leo utakutana na mawakala zaidi ya mmoja. Ukiketi nao, uliza habari ya vita na ghasia. Kwa desturi ya mikataba ya moto, hasara ya vita haimo, mpaka uinunue kando ikiwa inauzwa. Kwa watu wa Beni, waliozika ndugu zao tangu mauaji ya Oktoba 2014, hilo si neno dogo la mwisho wa karatasi. Ama vijana wako wa kazi, kuna CNSS, ambayo ina fungu la ajali za kazini. Kumficha mfanyakazi ili usimlipie mchango wake ni dhulma, hata ukimpa chakula kila mchana.

Je, ya kusaidiana tunaiweza? Mtume (s.a.w.) aliwasifu Waash'ari, ambao chakula kikipungua walikusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawasawa. Na muuaji wa bahati mbaya, diya yake hubebwa na ukoo wake, si yeye peke yake. Khartoum walianzisha kampuni ya bima kwa msingi huo mwaka 1979. Nairobi walianza mwaka 2011, na mwaka 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa baada ya ukame. Sisi tuna likelemba, lakini likelemba si hiyo. Katika likelemba kila mtu huingoja zamu yake, achomewe asichomewe. Katika takaful unatoa kwa nia ya tabarrui, na anayepata ni aliyefikwa. Mwaka ukipita salama, usidai chako: kimekwisha kumsaidia mwenzio, au kimebaki kwenye mfuko kikingoja.

Hapa mafundi wengi hukwama, na tusiwafiche ugumu. Tukikusanya mafundi wa soko moja, moto mmoja unaweza kuwapata wote usiku mmoja, na sanduku likaungua pamoja nao. Hata Beni na Butembo hazitoshi: ni kilometa hamsini na kitu tu kati yake, na barabara ikifungwa inafungwa kwa wote. Makampuni makubwa huliepuka hili kwa kujiwekea bima kwa makampuni mengine ya mbali. Kwa hiyo mafundi wakiandika daftari lao, watafute wenzao wa Bunia na Kisangani kabla ya kupokea franka ya kwanza. Na waandike mwanzoni, kwa wino, kama karakana iliyochomwa na waasi italipwa au haitalipwa, ili mjane wa fundi asije akaambiwa neno hilo mlangoni.