Kwanza, Aulizwe
Somo: Luka 24:13-35



Wanafunzi wawili wanaelekea Emau. Mtu waliyemtumainia ameuawa hadharani, nao njiani hawana mazungumzo mengine. Mgeni anaungana nao na kuwauliza wanazungumza nini. Anayajua yote kuliko wao, lakini anawaacha wasimulie tangu mwanzo mpaka habari za kaburi tupu. Maandiko anawafungulia baadaye. Luka anatanguliza swali, kisha masimulizi, ndipo mafundisho. Sisi wahubiri tumezoea kuanzia kwenye mafundisho.

Sisi pia tuna majeraha ya kusimulia. Kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote hapa Murang'a lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora kutani maisha ya Yesu katika sura za Waafrika na mandhari ya nchi yetu. Wakati huo huo kulikuwa na majeraha mengine, ya waliofungwa kambini na ya kina mama waliohamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na hayo yalitibiwa kwa namna ya ajabu. Mwaka 1954 daktari wa akili J. C. Carothers aliiandikia serikali ya kikoloni ripoti iliyoiona Mau Mau kama ugonjwa wa nafsi. Dawa ya ugonjwa huo kambini ilikuwa kukiri. Aliyekiri kiapo cha Mau Mau alisogezwa karibu na nyumbani, aliyekataa alipigwa. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa fidia wazee 5,228.

Kwa hiyo, guka au cucu, yaani babu au bibi, aliyezeeka bila kutamka neno juu ya miaka ile tusimwite mkaidi. Kusema kuliwahi kutumiwa kumvunja.

Siku hizi wanaobeba ajali, ubakaji, kipigo cha nyumbani au kifo cha ghafla huuliza: kipi kinaponya zaidi, maombi, ushauri nasaha au vidonge? Maombi ni vigumu kuyapima kwa mizani ya watafiti. Lakini tiba za mazungumzo zimepimwa, tena kwa majirani zetu na hapa nchini.

Katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Uganda, Wasudani 43 waligawanywa katika makundi. Baadhi walisimulia maisha yao yote kwa mpangilio, mazuri na machungu, na msikilizaji akayaandika. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 29 yao walikuwa bado na kiwewe, ilhali kati ya waliopewa ushauri wa kutiwa moyo tu walikuwa asilimia 79. Lakini huko Nakivale, Uganda pia, kwa wakimbizi 277, masimulizi na ushauri nasaha havikupishana sana. Waliobaki nyuma ni wale waliofuatiliwa hali tu. Mashariki mwa Kongo, wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono walishiriki utafiti mwingine. Waliokutana kikundi wakijifunza kuyahoji mawazo kama "ni kosa langu" walipata nafuu kubwa kuliko waliosaidiwa mmoja mmoja. Nairobi, katika utafiti wa wanawake 421, wahudumu wa afya ya jamii waliendesha vikao vitano vya kutuliza mwili, kutatua shida moja moja na kurudia shughuli na watu. Hakuna aliyedaiwa kisa chake, na nafuu ilionekana.

Basi hakuna njia moja iliyo mfalme. Mwingine hupona kwa kusimulia yote, mwingine bila kusimulia. Njia hizi zinafanana katika hiari, vikao vya mfululizo, na msikilizaji aliyefundishwa ambaye naye ana wa kumsimamia. Wengi wa wasikilizaji hao hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida, kama wale wanaokaa kwenye viti vyetu. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani halishauri kumkalisha mtu kikao kimoja mara tu baada ya mkasa ili atapike yote.

Hapa kanisa lijipime. Tukimwita mjane mbele ya usharika atoe ushuhuda wa jeraha bichi, tukimwambia asiyesamehe leo hataponywa, tunarudia kanuni ya kambi: kiri kwanza, ndipo upate nafuu. Methali yasema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini haikusema ayafichue mbele ya umati.

Wiki hii, jumuiya na vikundi vya akina mama vichague watu wawili au watatu wenye kutunza siri, wapelekwe kufunzwa usikilizaji. Asiyelala kwa majinamizi au anayewaza kujiua asindikizwe hospitali siku hiyo hiyo, na akipewa vidonge asiambiwe imani yake imepungua. Tumwombee pia, kwa ruhusa yake.

Tuombe: Bwana uliyewauliza wale wawili ingawa ulijua yote, utufundishe kuuliza na kungoja jibu. Uwaponye waliosema na walionyamaza. Amina.