Kuta za Nyumba na Makelele ya Jirani
(Mithali 27:14)



Mwenye hekima katika neno hili anena habari za mtu aamkaye mapema mno, akamtakia mwenziwe heri kwa kupaza sauti. Maneno yake ni mema, labda na nia yake ni njema. Walakini mwenziwe ayapokea kama matusi, maana ameamshwa usingizini. Tumelichagua neno hili kwa ajili ya swali tuulizwalo mara nyingi huku Kibaha na Kisarawe: Je, yafaa Mkristo kuuziba ukuta wake asimsikie jirani, au huko ni kumtenga?

Twajibu kwanza: yafaa. Mgonjwa ahitaji usingizi. Muuguzi aliyekesha kazini Tumbi ahitaji kulala mchana. Mtoto ahitaji utulivu apate kusoma. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 1999 ya kwamba sauti idumuyo katika chumba cha kulala isipite desibeli 30, yaani kama mnong'ono tu. Zamani katika Uzaramo nyumba za miti na udongo zilisimama mbali mbali kati ya minazi na mikorosho, na umbali wenyewe ulikuwa ukuta. Siku hizi watu wengi wametoka Dar es Salaam kuja kujenga na kupanga huku, na madirisha yatazamana.

Lakini kazi hiyo ifanywe kwa akili. Wengine hubandika trei za mayai ukutani, wakidhani zitazuia sauti. Hazizuii, hupunguza kidogo mwangwi wa ndani, tena hushika moto upesi. Sauti huzuiwa kwa uzito na kwa kuziba. Ukuta wa tofali za saruji usiopigwa lipu hupitisha sauti kwa vitundu vyake. Basi upigeni lipu pande zote mbili. Tena jueni ya kuwa uwazi mdogo huharibu kazi yote: sehemu moja tu katika mia ya ukuta ikiwa wazi, ukuta huo hautapunguza zaidi ya desibeli 20, ujapokuwa mnene kama wa boma. Kwa hiyo katika nyumba zetu za kupanga, zile za vyumba sita na korido katikati, tazameni juu kabla ya kuutazama ukuta. Mara nyingi kuta zakoma chini ya paa, dari hakuna, na neno lisemwalo chumba cha kwanza lasikiwa chumba cha mwisho. Hapo pandisheni ukuta hata bati, mzibe, kisha mweke dari. Mlango nao una nafasi chini yake; kipande cha mpira chafaa.

Hata hivyo kazi hiyo ina mpaka. Mdundo mzito wa spika hupenya ukuta ambao sauti ya mtu haiupenyi. Na joto la Pwani twalijua: afungaye madirisha yote usiku apate kimya, atakosa upepo. Ndipo ukuta unapokwisha, na jirani anapoanza.

Mwendeeni mchana, msimwendee usiku na hasira. Serikali inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele za mwaka 2015, nazo zafaa kwa mwenye baa asiyesikia. Lakini kumshitaki mtu kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hujabisha hodi kwake, hilo si agizo la Bwana wetu katika Mathayo 18.

Tena angalieni: neno la Mithali halimkemei yule aliyelala. Lamkemea apazaye sauti, naye alikuwa akibariki! Wako wasemao, “Wale wapiga ngoma, bali sisi twamwimbia Mungu.” Sikio la mgonjwa halibagui. Walioambiwa wapaze sauti zaidi ni manabii wa Baali, na aliyewaambia alikuwa akiwadhihaki. Luther naye katika Katekisimo Ndogo atufundisha katika amri ya tano kwamba haitoshi kutomwua jirani. Tusiudhuru mwili wake. Na usingizi ni haki ya mwili.

Basi, waalimu, kabla ya mkesha ujao, kwaya ikijaribu vyombo, mzee mmoja atoke akasimame penye ukuta wa jirani wa karibu, asikilize. Akiyasikia maneno ya wimbo, spika zigeuzwe zielekee ndani na kupunguzwa. Zile za nje zizimwe kabisa. Siku mbili mbele, watu wawili wazunguke nyumba za jirani, waulize ni nani mgonjwa, ni nani mwenye mtoto mchanga, wakaseme na saa ya kukoma. Saa hiyo ikifika, vyombo vizimwe, ijapokuwa mhubiri hajamaliza.