Kanisa la Kale ni la Nani?

Somo: Nehemia 5:1-18

Kuna swali ambalo sisi hulijibu haraka sana: kanisa ni nini? Hata mtoto wa shule ya Jumapili atakuambia, kanisa ni watu, si jengo. Na ni kweli. Stefano alipigwa mawe baada ya kuwakumbusha wakuu kwamba Mungu hafungiwi ndani ya hekalu. Wengi wetu tuliokoka ndani ya hema, au kwenye ukumbi wa kukodi, ama chini ya mabati ambayo mvua ikinyesha mhubiri ananyamaza mpaka ipite. Kwa hivyo tukisikia kuna mtu anayelipwa mshahara kwa ajili ya kanisa la zamani, tena kazi yake si kuhubiri wala kuziba paa bali kuongea na majirani, tunashangaa. Hiyo nayo ni huduma? Pesa hizo si zingelisha mayatima?

Kazi hiyo ipo. Uingereza kuna shirika liitwalo Churches Conservation Trust, lililoanzishwa mwaka wa 1969, linalotunza makanisa zaidi ya 350 ya Kianglikana ambayo hayana tena ushirika wa kila Jumapili. Mengi yana umri wa mamia ya miaka. Sasa fikiria: ukiajiri fundi wa mawe peke yake, paa litapona, lakini mlango utabaki na kufuli, na baada ya miaka michache njiwa watarudi. Ndiyo maana kunahitajika mtu wa kushirikisha jamii. Huyu anabisha milango, anakaa dukani na watu, anaenda shuleni, anatafuta wa kujitolea, anauliza mtaa unakosa nini na ni nani angekubali kushika ufunguo.

Mfano ninaoupenda ni wa mji wa Bolton, kaskazini mwa Uingereza. Huko kuna kanisa liitwalo All Souls, lililomalizika kujengwa 1881 kwa mali ya familia yenye viwanda vya pamba. Wakati huo wafanyakazi wa viwanda ndio waliojaa pale. Viwanda vikafa, watu wakahama, na familia nyingi kutoka India na Pakistan zikahamia mtaani, wengi wao Waislamu. Kanisa likafungwa 1986. Likakaa tupu miaka na miaka, kubwa kama mlima, katikati ya watu wasiokuwa na haja nalo.

Aliyeamka kulitetea ni nani? Mwislamu wa mtaa huo, Inayat Omarji. Yeye na majirani wenzake walishikana na shirika hilo, na mwezi wa Desemba 2014 jengo likafunguliwa tena kama mahali pa jamii yote, baada ya kazi iliyogharimu karibu pauni milioni 5. Ndani walijenga vyumba vya kisasa vinavyosimama vyenyewe, bila kuning'inia kwenye kuta za kale. Sehemu kubwa ya pesa ilitoka kwa bahati nasibu ya taifa. Hapo najua wazee wengine watakunja uso, na mimi nakunja nao, lakini hilo tuliache kwa siku nyingine.

Mtu atauliza: hii ni ushindi ama ni aibu? Nyumba iliyojengwa ili watu wasikie Injili, leo watu wanakunywa chai humo. Siwezi kumlaumu anayehuzunika. Ushirika ukipungua mpaka mlango ukafungwa, hakuna rangi mpya inayofunika msiba huo. Lakini tuwe waangalifu na hasira zetu. Jengo lilifungwa 1986, na hakuna Mwislamu aliyelifunga. Yeye alikuta limefungwa tayari.

Tatizo langu liko pengine. Kazi hii ya kushirikisha jamii inaweza kufanywa kwa uongo, na sisi Wakenya tunaujua uongo huo vizuri. Katiba ya 2010 inadai wananchi washirikishwe, na sote tumewahi kuona namna inavyofanywa: mnaitwa barazani, mnapewa soda, mnatia sahihi kwenye orodha, halafu mnagundua kwamba mambo yaliamuliwa zamani. Sahihi zenu ndizo zilizotakikana, kwa sababu mfadhili hatoi pesa bila orodha. Ukimfanyia jirani hivyo kwa sababu ya kanisa, umemwibia mara mbili. Umechukua siku yake, halafu umetumia jina lake kuombea pesa ambazo hatazisikia tena. Afadhali paa livuje.

Hapo ndipo Nehemia anatufundisha. Tunapenda kuhubiri sura ya tatu, jinsi kila mtu alivyojenga ukuta mbele ya nyumba yake, na ni sura tamu kweli kweli. Lakini sura ya tano huwa tunaipita mbio. Kazi ikiwa imepamba moto, watu walipiga kelele: tumeweka rehani mashamba yetu ili tupate nafaka, watoto wetu wanauzwa utumwani, na wanaotukamua ni ndugu zetu! Nehemia angeweza kusema, ngojeni tumalize ukuta kwanza, maadui wako mlangoni. Hakusema hivyo. Alikasirika, akawaita wakubwa mbele ya mkutano, akawafanya warudishe mashamba na riba, akawaapisha mbele ya makuhani. Kilio cha watu hakikuwa usumbufu wa mradi. Kwake, ukuta unaojengwa na watu waliouziwa watoto wao haukuwa na maana yoyote.

Lakini mpendwa mmoja atanijibu, na atakuwa na haki: huyo huyo Nehemia aliwaambia akina Sanbalati kwamba hawana fungu Yerusalemu. Mbona basi tuwape watu wa nje fungu katika nyumba ya Mungu? Ni swali zito. Nadhani jibu ni kuangalia waliokuwa wakiambiwa. Sanbalati na wenzake walikuwa wakicheka na kutaka kazi isimame. Tofauti na hao, mierezi ya hekalu la Sulemani ilitoka kwa Hiramu, mfalme wa Tiro, na hekalu la pili lilijengwa kwa amri ya Koreshi, Mwajemi. Na Sulemani alipoliweka wakfu hekalu aliomba kwa ajili ya mgeni asiye wa Israeli, kwamba naye akija kuomba asikiwe (1 Wafalme 8). Mgeni aliingizwa kwenye sala ya kufungua jengo, kabla hata hajafika!

Hata hapa kwetu Pwani tuna ushuhuda. Krapf na Rebmann walianza kazi Rabai 1846. Miaka ya 1880 misheni hiyo ilikuwa imejaa watoro, watu waliowakimbia mabwana zao mashambani. Mabwana wakaja kuwadai, na ikawa vuta nikuvute mpaka mwishoni mwa 1888, wakati kampuni ya Waingereza ilipokubali kulipa fidia, na watu zaidi ya 1,400 wakapata uhuru wao. Si wote walikuwa wamebatizwa. Leo Rabai kuna makumbusho ya Krapf, na wanafunzi hupelekwa kutazama. Sasa niambie, mjukuu wa mtoro yule, hata kama leo anaswali msikitini ama haendi popote, je, hana fungu katika mahali ambapo babu yake aliacha kuwa mali ya mtu? Mimi nasema analo. Anayesimulia habari za Rabai kwa kumtaja Krapf tu, akamwacha mtoro nje, amesimulia nusu.

Makanisa yetu mengi hayajawa ya kale. Mengine hata hati ya ploti haijatoka. Lakini swali halingoji mawe yazeeke. Jirani wa lango letu anatujua kwa nini, kama si kwa spika za kesha ya Ijumaa? Amewahi kuulizwa chochote kabla ya kuta kupanda? Likitokea la kutokea na ushirika uhame, nani mtaani atasimama kusema, hapa pasivunjwe?

Nehemia alikuwa na njia yake ya kujua hali ya watu, na haikuwa baraza la soda. Kila siku mezani pake walikula watu 150, Wayahudi na maafisa, pamoja na wale waliokuja kutoka mataifa ya jirani. Ng'ombe mmoja kwa siku, na kondoo sita wazuri, na kuku. Wala hakudai posho ya gavana, kwa sababu aliona mzigo wa watu umekuwa mzito tayari.