Nani Aulizwe Habari za Bustani?

Wakubwa wakitaka kujenga kitu katika bustani ya mji, iwe jumba la ghorofa, iwe uwanja wa kulengea shabaha, siku hizi hawakosi kusema, "Tutawauliza wananchi kwanza." Ni neno jema. Tena katika Kenya si hisani, bali ni sheria, kwa kuwa kifungu cha 10 cha Katiba ya mwaka 2010 chataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala. Walakini yafaa tujiulize: je, kuhesabu vinywa ndiko kuyajua maoni ya watu? Na maoni hayo yakiisha kujulikana, yaweza kumwondolea mkubwa mzigo wa dhamiri yake?

Tukumbuke mwaka 1989. Chama tawala, ambacho wakati ule kilikuwa peke yake kwa sheria, kilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, bustani iliyo katikati ya Nairobi, liwe makao yake na ya gazeti lake. Laiti mtu angepita barabarani akiuliza, "Mwalitaka jumba hili?" angejibiwa nini? Mwaka mmoja tu nyuma, watu walikuwa wamepigishwa kura ya mchujo kwa mlolongo, kila mtu amejipanga nyuma ya mgombea wake machoni pa chifu na majirani. Aliyezoezwa hivyo humpima muulizaji kabla ya kujibu. Akinyamaza, tusiseme ameridhika. Akisema ndiyo, tusiandike upesi.

Profesa Wangari Maathai, aliyesomeshwa na masista huko Nyeri na Limuru, aliandika barua kwa wakubwa kulipinga jumba lile. Bungeni alidhihakiwa, yeye na wenzake wakasimangwa kuwa ni wanawake walioachika, kana kwamba talaka yahusika na miti. Akaenda Mahakama Kuu, na kesi yake ikatupwa kwa sababu hakuwa na haki ya kushtaki. Hapo tungependa kutua kidogo. Mtu mmoja akinyang'anywa shamba lake, ana wa kumshtaki. Watu wote wakinyang'anywa bustani yao, yupi ndiye aliyedhulumiwa? Kwa hesabu ya siku zile, hakuna. Mwaka 2010 kifungu cha 70 cha Katiba kilimpa kila mtu ruhusa ya kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira bila ya kuthibitisha hasara yake mwenyewe.

Jumba halikujengwa. Wananchi waliandika magazetini kulipinga, fedha za kutoka nje zikakosekana, na mwishowe ua uliozungushwa ukaondolewa.

Hatusemi kwamba wengi hukosea sikuzote, wala kwamba mwenye dhamiri ana ruhusa ya kuwadharau. Baba Mtakatifu Pio XII, katika hotuba yake ya Februari 1950 kwa waandishi Wakatoliki, alifundisha kwamba maoni ya watu ni jambo la asili katika jamii iliyo nzima, na pasipoonekana maoni hayo pana ugonjwa. Lakini tukumbuke vilevile kwamba Pilato naye aliuliza. Alijibiwa kwa sauti kubwa, wala hakuna aliyeweza kukosea hesabu. Basi kosa lake lilikuwa wapi? Alikuwa amekwisha kuona kwamba mtu yule hana hatia. Akauliza wengine ili jambo lile liwe lao, lisiwe lake.

Na sisi wenye magazeti tusijitoe. Zikitufikia barua kumi kwa juma, twaandika kwamba nchi nzima yasema, hali walioandika ni wale wenye meza na nafasi. Mlinzi wa usiku alalaye majanini mchana hakutuandikia. Wala hakutuandikia mama apitaye bustanini na watoto wake baada ya Misa katika Basilika ya Familia Takatifu, kwa kuwa nyumbani kwake hapana ua wa kuchezea. Hao hawafikiwi na karatasi ya maswali, maana hugawiwa ofisini siku za kazi. Atakaye kujua maoni juu ya bustani na aende huko Jumapili alasiri, aketi nao chini, aulize taratibu, wala asianze kwa kumtaja aliyemtuma.